WAFALME WA NTA NA MAGARI YALIYOFICHWA

Katika barabara ya Marylebone, jijini London, lipo jumba ambalo ndani yake wafalme, wanasiasa, waimbaji na wachezaji mpira husimama pamoja bila kupepesa macho. Mgeni aingiaye kwa mara ya kwanza hupigwa na bumbuazi. Si ajabu kumwona mtu akiiomba radhi sanamu baada ya kuipiga kikumbo, wala si ajabu kumwona mwingine akimkodolea macho mlinzi aliye hai, akidhani naye ni nta. Hilo ndilo jumba la Madame Tussaud, lililopo mahali hapo tangu mwaka 1884.

Wengi walitembeleao hutoka wakizikumbuka sura za wakubwa waliopiga nazo picha. Ni wachache wanaouliza habari za mikono iliyozifinyanga sura hizo. Swali hilo, mtu akilifuata, humtoa London na kumfikisha katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ambako kuna jumba jingine la ajabu, nalo limejaa magari ya kale. Huko nako swali ni lilelile: vitu vizuri kama hivi vimetokana na jasho la nani, na ni nani aliye na haki ya kuvitazama?

BINTI WA MTUMISHI

Madame Tussaud hakuzaliwa katika jumba la kifahari. Jina lake la kwanza lilikuwa Marie Grosholtz, naye alizaliwa Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, mwaka 1761. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya tabibu mmoja aliyeitwa Philippe Curtius. Tabibu huyo alikuwa na ustadi wa kufinyanga viungo vya mwili wa binadamu kwa nta. Baadaye alihamia Paris, akaugeuza ustadi wake kuwa maonyesho ya sura za watu mashuhuri. Binti wa mtumishi akajifunza kazi hiyo mikononi mwake, na mwaka 1777 akaifinyanga sura ya Voltaire, mwandishi aliyekuwa na sifa katika Ulaya nzima.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, mambo yaligeuka. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilazimishwa kuchukua sura za vichwa vilivyokatwa, kikiwamo kichwa cha mfalme Louis wa 16. Curtius alipofariki mwaka 1794 alimwachia Marie sanamu zake zote. Mwaka uliofuata Marie aliolewa na François Tussaud, na mwaka 1802 akavuka bahari kwenda Uingereza. Kwa miaka ipatayo 33 alizunguka mji hadi mji na sanamu zake, mpaka alipotua London, katika mtaa wa Baker Street, mwaka 1835. Alifariki mwaka 1850, akiwa amekwisha kujifinyanga mwenyewe: kikongwe mdogo wa umbo, mwenye kofia nyeupe na macho makali.

KAZI YA MIEZI

Nta itumikayo hutokana kwa sehemu kubwa na nyuki, mali ileile ijulikanayo kwa warina asali wa misitu ya Tabora. Lakini safari ya kutoka kwenye sega hadi kuwa uso wa mtu ni ndefu. Kwanza mtu mwenyewe hupimwa, na vipimo hivyo huzidi 200. Kisha kichwa hufinyangwa kwa udongo, na juu ya udongo hutengenezwa kalibu ya plasta. Nta ya moto humiminwa ndani ya kalibu na kuachwa ipoe. Kwa kuwa nta hunywea kidogo ipoapo, fundi hana budi kukifanya kichwa cha udongo kiwe kikubwa kuliko cha mtu mwenyewe kwa sehemu kama 2 katika 100.

Hatimaye huja kazi ya subira. Nywele za binadamu huchomekwa mojamoja kwa sindano, kazi ambayo yaweza kuchukua majuma kadhaa. Rangi ya ngozi hupakwa tabaka juu ya tabaka, hata mishipa midogo ionekane. Sanamu moja huchukua miezi kukamilika, nayo husimamishwa mbele ya watu bila jina la fundi hata mmoja. Aonekanaye ni mkubwa, mfinyanzi hajulikani.

TEMBO WA FEDHA

Mtu atokaye Strasbourg, mji aliozaliwa Marie, hapiti mbali na mji mdogo wa Molsheim. Hapo ndipo Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan, alipoanzisha kiwanda chake cha magari mwaka 1909. Magari yake yalisifiwa kwa mbio na kwa uzuri, na alama yake ilikuwa ile pua yenye umbo la kiatu cha farasi.

Gari lake kubwa kuliko yote liliitwa Royale, yaani la kifalme. Injini yake ilikuwa na ujazo wa lita 12 na zaidi, na juu ya kifuniko cha rejeta alisimama tembo mdogo wa fedha kwa miguu ya nyuma, mkonga juu. Tembo huyo alitokana na kazi ya mchongaji Rembrandt Bugatti, ndugu yake Ettore. Gari lilikusudiwa wafalme, lakini lilitoka wakati dunia ilipokumbwa na dhiki kubwa ya uchumi, na hakuna mfalme aliyelinunua. Yalitengenezwa sita tu, na wanunuzi wakapatikana kwa matatu. Injini za aina hiyo zikapata kazi nyingine: zikafungwa katika mabehewa ya reli yaendayo kasi, nazo zikawabeba abiria wa kawaida. Injini ya mfalme ikawa mtumishi wa umma.

SIRI YA KIWANDA

Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Uswisi, upo mji wa Mulhouse, uliojengwa kwa nguo na mashine. Hapo ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, walikuwa wenye viwanda vya kusokota sufu. Fritz alikuwa na uchu wa magari usio na kiasi, hasa Bugatti. Tangu miaka ya 1960 alinunua kila alilosikia habari zake. Mwaka 1964 yaliwasili kwa pamoja magari 30 hivi ya Bugatti aliyoyanunua kwa tajiri mmoja wa Marekani.

Yote hayo yaliwekwa ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu mjini Mulhouse. Sakafu ilipambwa, na zikasimamishwa mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre wa 3 la Paris. Mafundi waliyatengeneza magari hata yakang'aa, lakini walitakiwa kufunga midomo. Nje ya milango hiyo, wafanyakazi waliendelea kusokota nyuzi bila kujua mali ilikokwenda.

Wahenga walisema, mali ya bahili huliwa na dudu. Biashara ya nguo ilidhoofika Ulaya, na mwaka 1976 viwanda vya ndugu hao vikaanguka. Wafanyakazi waligoma, ndugu wakakimbilia Uswisi. Tarehe 7 Machi, 1977, wanachama wa chama cha wafanyakazi waliingia ndani ya jengo lililofungwa. Watu waliopoteza kazi zao walijikuta mbele ya mamia ya magari yaliyopangwa safu kwa safu chini ya taa za Paris. Hapo ndipo walipoona kwa macho jasho lao lilikofichwa.

Hawakuyavunja wala kuyagawana. Walilikalia jengo kwa miaka miwili, wakaliita la wafanyakazi, na kuufungulia umma milango. Inakadiriwa kwamba watu kama 800,000 walipita humo. Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa iliutangaza mkusanyiko huo kuwa urithi wa taifa, ili usitawanywe kwa mnada. Mwaka 1981 ulinunuliwa kwa faranga milioni 44 na umoja wa mji, serikali za mitaa na vyama vya magari, na mwaka 1982 ukafunguliwa rasmi kuwa makumbusho ya taifa.

WANACHOKIONA WAGENI

Mgeni wa leo hulipa kiingilio na kutembea kati ya magari zaidi ya 400, tangu lile la mvuke la Jacquot la mwaka 1878 hadi yale ya mashindano. Bugatti peke yake hupita 100, na miongoni mwao zimo Royale mbili kati ya zile sita. Nguzo za taa zingali zimesimama. Jina la Schlumpf nalo lingali kwenye jina rasmi la makumbusho, na haki isemwe: bila uchu wa Fritz, mengi ya magari hayo yangekwisha kuoza mashambani au kuyeyushwa kuwa vyuma vikuukuu.

Hata hivyo, haki haina budi kusemwa kwa pande zote. Kazi za kusokota sufu hazikurudi. Waliofungua milango hawakulipwa magari wala ajira. Walichopata ni kwamba watoto wao wangeweza kuvitazama vitu vilivyonunuliwa kwa faida ya kazi ya wazee wao.

Kwa hiyo mzazi ampelekaye mwanawe katika nyumba yoyote ya makumbusho, iwe ng'ambo au hapa karibu, na amfundishe kuuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: nani alikitengeneza kitu hiki? La pili: kimefikaje hapa, nami nikaruhusiwa kukitazama? Vibao vya ukutani mara nyingi hutaja jina la mwenye sura na jina la mwenye mali. Majina mengine ni lazima yatafutwe.