Mbwa wangu, usipa na mtumbwi mbovu

Msomaji, cheka ukimaliza. Huku Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, mtu anayemrusha mbwa viunzi anaonekana zimeruka kidogo. Potelea mbali, nilikuwa na sababu.

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Akiona mbuzi anakimbia, naye yumo nyuma. Jirani yangu mmoja, mzee wa watu, akaniambia taratibu kabisa: “Mwanangu, nikimwona tena na mbuzi wangu, namtegea nyama.” Nyama yenye nini, hakusema. Wazee wa huku hawatishii nyau.

Kumfunga kutwa sikutaka. Mbwa wa namna hiyo anazidi ukali. Nikaukumbuka mchezo wa Waingereza. Mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, waliwarusha mbwa viunzi kama farasi ili kuwachangamsha watazamaji. Watu wakapagawa, mchezo ukasambaa. Wenzetu wananunua vifaa. Mimi nilikuwa na panga.

Fito ya mwanzi juu ya matofali mawili, tayari kiunzi. Kiwe chini, na kama mbwa hajatimiza mwaka usimrushe juu, mifupa bado. Fimbo 6 nikazichomeka kwa mstari, sentimita 60 kati ya moja na nyingine, apite akipinda kama bodaboda kwenye foleni. Magunia yaliyoshonwa pamoja na kutiwa pete za fito yakawa handaki. Daraja je? Mtumbwi mbovu wa mzee yule yule! Nilimwomba, vijana wakanisaidia kuupindua uani.

Handaki lilitutoa jasho. Siku nne Mtasema aliingiza pua, akarudi kinyumenyume. Nikalikunja likabaki fupi, nikachuchumaa upande wa pili na usipa mkavu mkononi. Akipita tu, “Safi!”, halafu usipa. Neno kwanza, samaki papo hapo. Ukichelewa hajui unamlipia nini. Kesho yake narefusha kiduchu.

Wala si uganga wangu. Kule SUA, Morogoro, APOPO wanawafundisha panya kwa mtindo huo, mlio mdogo kisha chakula. Magawa, panya aliyezaliwa hapo, alinusa mabomu 71 ya kutegwa ardhini huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza. Panya, jamani! Sembuse Mtasema?

Wiki ya saba, jioni, mbuzi wakapita wakitoka ziwani, mzee nyuma na fimbo yake. Mmoja akakurupuka. Mtasema huyoo! Nikaita “Njoo!” mara moja tu, kwa sauti ile ile ya handakini. Akaenda hatua kama tano hivi. Akasita. Akageuka.

Nilimmwagia usipa wote wa mfukoni huku magoti yakinicheza. Mzee akasimama, akamtazama mbwa, kisha mimi.

“Amechanjwa kichaa?”

Nikaingia ndani, nikamletea kadi. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia, akawaswaga mbuzi wake.

Nyama haijatajwa tena. Sasa mwenye malalamiko ni mimi, maana mbuzi wake wameugundua ule mtumbwi. Kila asubuhi nawakuta wawili watatu wamesimama juu yake kama abiria, Mtasema amelala chini anawatazama, na fimbo zangu mbili wameshaziangusha.