Basilicata Hupangwa kwa Saa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Italia, atakuuliza kama ni Roma au Milan. Basilicata itabidi umwonyeshe kwenye ramani: kule kusini, kati ya kisigino na ncha ya nchi hiyo yenye umbo la kiatu. Mkoa mzima hauna uwanja wa ndege za abiria. Mgeni hushukia Bari, katika mkoa jirani wa Puglia, akapanda treni ya reli nyembamba ya Ferrovie Appulo Lucane mpaka Matera.

Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya huanzia mbali zaidi, kwenye viza ya Schengen, na mimi nilianzia hapo hapo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yawasilishwe angalau siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Ukishapata viza, ramani nayo inaanza kukudanganya. Castelmezzano na Pietrapertosa ni vijiji vinavyotazamana, kila kimoja kimeng'ang'ania mwamba wake. Kwa kebo ya chuma iitwayo Volo dell'Angelo, mtu hufungwa mikanda akavuka bonde kabla hajamaliza kupiga kelele. Mwenye gari hushuka mpaka chini, akapanda tena kona baada ya kona. Kuhesabu kilomita huku ni kujisumbua bure.

Halafu kuna mchana. Kuanzia saa saba hivi mpaka saa kumi au kumi na moja, maduka mengi ya vijijini hufungwa, na asiyekula mapema atasubiri usiku. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, ndiyo usiseme.

Matera yenyewe inataka siku zake. Sassi ni mitaa ya nyumba zilizochongwa kwenye mwamba, ambamo familia ziliishi pamoja na nyumbu na kuku wao. Mwandishi Carlo Levi, daktari aliyehamishiwa mkoani humu na utawala wa kifashisti mwaka 1935, aliuandikia ufukara wa Basilicata kitabu kilichotoka 1945. Sheria ya 1952 ikaanza kuwahamisha wakazi, watu wapatao 15,000. Mwaka 1993 mapango hayo hayo yakaingia kwenye orodha ya UNESCO, na leo mengine ni hoteli za bei kali. Fedheha ya jana imekuwa bidhaa, na wenyeji wanalijua hilo kuliko mgeni yeyote.

Ulizia mikate. Zamani kila nyumba ilikanda unga wake wa ngano ngumu, ikaupeleka kwenye tanuri la pamoja ukiwa umegongwa muhuri wa mbao wenye herufi za mwenye nyumba, mikate isije ikachanganyika. Mihuri hiyo sasa huuzwa kama ukumbusho. Mkate huliwa na pilipili hoho za Senise, zilizokaushwa kisha kukaangwa upesi kwa mafuta ya zeituni mpaka zivunjike mdomoni.

Tarehe ndiyo iliyonisumbua. Julai 2 ni sikukuu ya Madonna della Bruna: gari la maonyesho lililopambwa kwa sanamu za karatasi huzungushwa mjini, na usiku umati hulirarua vipande vipande. Vyumba siku hizo ni vya kugombania. Nikachagua Septemba, jua likiwa limepungua makali, na gari la kukodi lenye injini ndogo, kwa ajili ya vichochoro vya Aliano alikozikwa Levi.