Kundi Nililolikimbia

Nawashukuru watu wachache ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kunihangaikia. Naandika haya kwa ajili ya kijana wa Pemba aliyemaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya kusomea uhandisi, na sasa anazitazama karatasi za makundi zilizobandikwa ukutani, hajui ajiandike wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Wete. Baba yangu ni mkulima wa karafuu, na mama hushona. Utotoni mwangu umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, na hata nyumba zilizotiwa waya zilikuwa na kibatari chao karibu. Mwaka 2010 ukaja umeme wa kilovolti 33 kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kwa msaada wa Norway. Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo Skuli ya Fidel Castro, Vitongoji. Wenzangu walifurahia taa. Mimi nilikesha nikijiuliza waya wote ule wameupitishaje mkondo wa Pemba, wenye kina kinachotisha hata wavuvi. Nikaomba uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nikakubaliwa.

Uhandisi pale Mlimani ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na nilikuta karakana bado inaheshimiwa kama darasa. Nilidhani mtu wa umeme ataanza na umeme. Kumbe mwaka wa kwanza sote, wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme, tulikuwa na somo la michoro ya kihandisi, ambalo kila mtu aliliita drowingi. Nilikuwa sijawahi kuigusa bodi ya kuchorea. Wenzangu kadhaa walitoka skuli za ufundi za Ifunda, Moshi na Tanga. Wao walichora tangu kidato cha kwanza, na walishika penseli na rula kama watu waliokuwa nyumbani kwao.

Tukaambiwa tujiandike kwenye makundi ya semina. La jioni lilikuwa kubwa, na waliotutangulia walisema mtu anaweza kulimaliza muhula bila kuulizwa swali. La asubuhi lilikuwa dogo, na kila mmoja hubandika kazi yake ubaoni akaieleza mbele ya wenzake, kwa Kiingereza. Sikufikiri mara mbili. Nilijiandika la jioni, nikachagua kiti cha nyuma, karibu na Wazanzibari wenzangu, na usiku nikaomba dua mwalimu asinione. Leo naiona dua ile ilivyokuwa. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kutafuta elimu, halafu namwomba Mungu anifiche nayo. Lakini wakati ule niliiita unyenyekevu. Nyumbani nilisifiwa kwa hesabu, na jina hilo nililiogopea sana. Niliona heri nisijue chochote kuliko watu wajue kwamba sijui.

Haikuchukua muda ratiba ikagongana: semina yangu ya hesabu iliangukia saa zilezile za drowingi ya jioni. Nilikwenda ofisini kuomba wanitafutie njia. Mama mmoja aliyekuwa pale akaangalia orodha yake, akafuta jina langu, akaniandika la asubuhi. Nilimbembeleza mpaka machozi yakanitoka. "Binti yangu," alisema, "nafasi iliyobaki ni hiyo tu."

Sitaki kukuficha jinsi wiki zile zilivyokuwa. Drowingi humtaka mtu akitazame kitu kimoja kwa sura tatu, ya mbele, ya juu na ya ubavuni, kisha azipange sura hizo karatasini ili mtu mwingine, ambaye hajawahi kukiona, aweze kukitengeneza. Kingo zisizoonekana nazo huchorwa, kwa mistari ya vipandevipande. Mimi nilikuwa naona mistari tu. Nilinakili, nikafuta, nikanakili tena mpaka karatasi ikatoboka. Siku ya kubandika nilisimama ubaoni, nikaulizwa tundu lile limepita mpaka upande wa pili au limeishia katikati. Sikujua. Nilijua nimechora duara. Hakuna aliyenicheka, lakini nilitoka pale nikaulizia nauli ya boti.

Nikampigia baba simu, nikamwambia nataka kuhamia ualimu. Nilimweleza kwa kirefu ugumu wa somo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo drowingi mimi siijui. Huyo anayeijua umeshamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Muda wote ule, katikati ya watu wanaojua, sikuwa nimefungua kinywa. Swali lile lilinikaa moyoni usiku kucha, na naamini Mungu alinisemesha kwa ulimi wa baba yangu.

Asubuhi nilimfuata kijana mmoja aliyesoma Ifunda. Nilikuwa namwona mwenye majivuno, hata salamu yake nilikuwa naiitikia nusunusu. Nilimwambia, "Kaka, sielewi kitu." Akavuta kiti. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikuwa akiniletea bodi yake, kwa kuwa mimi sikuwa na yangu, na tukakaa mpaka adhuhuri. Baadaye nilijua kwamba Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akifanya vibarua vya kujipatia chakula. Alikuwa ameviacha, wala hakunieleza.

Ni yeye aliyenipeleka karakana kwa fundi sanifu mmoja, mzee wa Tanga. Mzee aliitazama kazi yangu kwa muda, akasema, "Mwanangu, wewe unachora karatasi. Chora kitu." Akanituma nikanunue mche wa sabuni. Akaukata kwa kisu, akatoboa tundu, akachonga ngazi upande mmoja, akanipa mkononi. "Haya, geuza. Usichore kabla hujageuza." Bwenini nilichonga sabuni mpaka wenzangu wakazoea kufulia vipande vyenye pembe za ajabu. Na usiku mmoja, bila kutarajia, niliutazama mchoro wa kitabuni na kitu chenyewe kikasimama mbele yangu, na matundu yake na kingo zake za nyuma. Nililia tena, ila safari hii kwa shukurani.

Mtihani wa mwisho nilipata C, na niliifurahia kuliko alama zote nilizowahi kupata. Waliosoma nami kundi lile ndio waliokuwa ndugu zangu mpaka tulipohitimu. Mzee wa karakana nilirudi kumtafuta baadaye nimshukuru, nikaambiwa amestaafu na kurudi kwao. Namwombea.

Sasa nafanya kazi hapa kisiwani. Jumamosi, kama sina zamu, vijana wanaosubiri kujiunga na vyuo hunifuata nyumbani Chake Chake, wasichana kwa wavulana. Wanakuja na maswali yaleyale: kundi lipi jepesi, mwalimu yupi haulizi. Siwakatizi, maana najua woga huo unauma vipi. Nawaambia wachague kundi dogo, ambalo mwalimu atayajua majina yao, na wajipange karibu na mtu aliyetoka skuli ya ufundi. Kisha tunakaa barazani na visu, na tunaanza na tundu: limepita mpaka upande wa pili, au limeishia katikati?