Dhamana ya Fundi Asiye na Leseni

Wenyeji wa Mbulu hawana haja ya kuelezwa baridi ni nini. Miezi ya Juni na Julai, ukungu unapolala juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, maji ya udhu wa alfajiri hutia vidole ganzi, na watoto huja chuoni wamejikunyata ndani ya mablanketi. Kule Katesh, chini ya Mlima Hanang, usiku ni vivyo hivyo. Lakini adhuhuri ya kiangazi, chini ya bati, jasho hudondoka juu ya juzuu. Basi imekuwa ada siku hizi, majumbani na misikitini mwetu, kununua vyombo vya kupasha na kupoza: hita za maji, mapangaboi, majokofu, na kwa wachache viyoyozi. Hapana ubaya wowote katika hilo. Tunalotaka kulieleza ni khabari ya mtu anayeitwa kuvifunga vyombo hivyo, na nani atakayebeba khasara vikiunguza.

Zamani fundi huyo hakuhitajiwa. Wairaqw walijenga tembe, nyingine wakizichimba ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo. Udongo mzito hupokea joto la mchana pole pole na kulitoa usiku, na mifugo iliyolala ndani iliongeza ujoto wake. Bati limetupa maji safi ya mvua, wala hatulitukani. Ila halizuii jua wala baridi, na kila aliyeliezeka amejinunulia pamoja nalo haja ya vyombo.

Wasio na uwezo wa hita huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hapa twasema kwa ukali: jambo hili ni khatari ya mauti. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika damu isichukue hewa ya uhai. Mtu hulala akidhani amepata ujoto, kumbe hataamka. Jiko na lifanye kazi yake nje, na watoto waongezewe mablanketi.

Ama hita ya umeme, nayo ina hesabu yake. Hita ya kuogea yenye nguvu ya wati 5,500, kwa umeme wa volti 230, huvuta takriban ampea 24. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, na waya za taa ni nyembamba kuliko za soketi. Anayeiunga hita hiyo kwenye waya za taa amewasha moto ndani ya ukuta, ila moto wenyewe unangoja siku yake. Mbali na waya nene iliyotengwa kwa hita peke yake, lazima iwepo waya ya ardhini na swichi ya kukata umeme unapovuja, kwani maji na umeme vinakutana juu ya mwili wa mtu aliye uchi.

Serikali hailiachi jambo hili ovyo. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, EWURA ndiyo itoayo leseni za mafundi wa kufunga umeme, kwa madaraja, kila mtu na kiasi cha kazi anachoruhusiwa. Makandarasi wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Nyumba mpya ikiombewa umeme wa TANESCO, hutakiwa saini na muhuri wa fundi mwenye leseni. Lakini tazameni upenyo ulipo! Muhuri huo huulizwa siku ya kwanza tu. Hita huja mwaka wa tatu, jokofu mwaka wa tano, na siku hizo haulizi mtu. Huitwa kijana wa mtaani mwenye bisibisi na koleo, kwa kuwa ni rakhisi na ni jirani.

Tumepata kuona katika msikiti mmoja, ambao hatutautaja, hita iliyofungwa namna hiyo kwa ajili ya maji ya udhu. Nia ya jamaa ilikuwa njema. Haikupita hata miezi miwili, ukuta wa chumba cha udhu ukawa mweusi, na lau mwadhini hangewahi kabla ya alfajiri, dari ingeshika moto. Fundi alipigiwa simu asijibu. Ndipo ukaja mzozo: je, alipe imamu aliyemwita, au walipe waliochanga? Mwishowe zilitumika fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya madawati ya watoto, na wazee wawili wakakaa mwezi mzima hawaamkiani.

Mzozo huo una jibu katika fikihi. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi vitu vya watu walivyopewa, akiona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo wazi zaidi ni kuwa fundi hadhamini kilichoharibika mkononi mwake bila ya yeye kuvuka mpaka. Lakini ni nani aliyevuka mpaka kuliko yule anayeshika kazi asiyoijua? Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu, hali hakujulikana kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa anachokiharibu. Sisi twaona kuwa fundi wa umeme ni mfano wake, maana roho ya mtu imo mikononi mwake vile vile. Leseni, basi, si karatasi ya kodi tu. Ndiyo kule "kujulikana". Hata masoko ya Kiislamu ya zamani yalikuwa na muhtasibu, na kwa kila ufundi aliweka mjuzi wa ufundi huo awasimamie wenziwe.

Wenye miji ya jangwani, ambako kiyoyozi ni uhai wenyewe, wamelifikisha jambo hili mbali. Mji wa Phoenix, Marekani, ulipata mwaka 2023 siku 31 mfululizo za joto la zaidi ya digrii 43 za Selsiasi. Jimbo lake la Arizona lina idara ya kuwaandikisha makandarasi tangu mwaka 1931, na kazi ya viyoyozi na majokofu ina daraja lake mbali. Aliyeharibiwa nyumba yake na mkandarasi mwenye leseni aweza kudai katika mfuko maalumu mpaka dola 30,000. Aliyemwita asiye na leseni hana dai katika mfuko huo.

Wapo watakaosema fundi mwenye leseni ni ghali. Naam, ujira wake ni zaidi. Lakini wengi hawapigi hesabu ya umeme wenyewe. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 za mwezi, na kila inayozidi ni shilingi 350. Watu sita wakioga kwa hita tuliyoitaja, dakika kumi kila mmoja, hutumia yuniti tano na nusu kwa siku, yaani 165 kwa mwezi, bila ya taa wala jokofu. Fundi mjuzi humweleza mwenye nyumba haya kabla ya kutoboa ukuta, na pengine humshauri atumie jua lililo juu ya bati lake. Yule wa bisibisi hasemi kitu.

Ama vijana wenyewe, hatuwachukii. Wengi ni watoto tuliowasomesha alifu na bee. Mkono wao ni mwepesi, ila hawajapimwa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haifundishi wapya tu. Ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, kumpima aliyejifunza kazini na kumpa cheti, na cheti ndicho njia ya kuiendea leseni. Wa majokofu wana haja zaidi, kwa kuwa gesi zinabadilika. Tangu mapatano ya Kigali ya Oktoba 2016, nchi zinapunguza zile zinazoongeza joto la dunia, na baadhi ya zilizoshika nafasi yake huwaka moto. Mzee mwenye kijana wa namna hii amlipie ada ya mtihani kabla hajamnunulia pikipiki.

Na anayetaka kufungiwa chombo, mwezi huu au ujao, aombe kuiona leseni na daraja lake, kisha ziandikwe karatasi mbili: kazi ni ipi, waya ni ya unene gani, ujira ni kiasi gani, na kikiharibika ndani ya muda gani fundi atarudi. Ijara haisihi mpaka kazi na ujira vijulikane. Kazi ikiisha salama, alipwe siku hiyo hiyo. Na ikiwa ni ya msikiti, karatasi moja akae nayo nadhiri, pamoja na hati za waqfu.