Kutoka Stesheni hadi Ikulu ya Chamwino

Katika miji mikuu mingi ya kale, mtembezi hushuka stesheni, akapita sokoni na, kabla jua halijawa kali, akafika kwenye lango la jumba la mtawala na bustani yake. Dodoma haina matembezi ya namna hiyo, kwa kuwa Ikulu yake iko Chamwino, zaidi ya kilomita 30 mashariki mwa mji wa zamani kwa barabara ya Morogoro, na umbali huo ni masalia ya siasa za miaka ya sabini zaidi kuliko kazi ya mchora ramani yeyote.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Waliokulia Dodoma katika miaka ya themanini wanakumbuka mji uliokwisha upesi: mtu alitoka stesheni, akapita Uhindini penye maduka yenye baraza, kisha Jamatini, eneo lililoitwa hivyo kwa sababu ya jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, na baada ya soko la Majengo alikuwa amekaribia mashamba ya uwele. Wakati wa kiangazi upepo wa uwanda huu, ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ulijaza vumbi jekundu ndani ya nyumba hata zilizofungwa madirisha, na miarobaini iliyopandwa kandokando ya barabara ndiyo iliyokuwa bustani pekee ya watu wengi. Kumbukumbu nyingine ni ya mji wa vikao: Bunge lilipokutana, nyumba za wageni zilijaa na bei za vyumba zikapanda; wabunge walipoondoka, mitaa ikarudia utulivu ambao baadhi ya wenyeji, pengine kwa haki, waliupenda zaidi.

Chamwino ina asili tofauti. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, kampeni ya kuwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa kutoka kwenye tembe zao, yaani nyumba za miti na udongo zenye paa bapa, Mwalimu Nyerere alipiga kambi hapo na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji, na makazi ya Rais yakaota mizizi mahali hapo. TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi CDA, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikawasilisha mpango wa jiji ambamo mwenda kwa miguu na basi vingetangulizwa kuliko gari binafsi, na ambalo halingejivunia majumba ya fahari. Mpango huo ulikuwa wa busara, lakini fedha zilikuwa chache na viongozi waliendelea kukaa pwani.

Uhamisho wa kweli ulifuata tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016. CDA ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, jiwe la msingi la majengo mapya ya Ikulu likawekwa Mei 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua tarehe 20 Mei 2023. Jengo kuu linafanana kwa makusudi na Ikulu ya Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliikamilisha mwaka 1922 kwa mchoro wa J. H. Sinclair baada ya jumba la Wajerumani kuharibiwa kwa mizinga ya manowari katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo penye ajabu: matao na roshani zilizobuniwa kuvuta upepo wa bahari sasa zinatazama vichaka na mibuyu ya Ugogo, na tausi, ndege waliohusishwa kwa miaka mingi na bustani ya Dar es Salaam, wamekuja nazo. Kwa mtu anayeukumbuka mpango wa 1976, mfano wa kijiji ungestahili kunakiliwa kabla ya ule wa pwani.

Bustani za raia ziko kwingine, katika Uwanja wa Nyerere penye sanamu ya Mwalimu na katika bustani ya Chinangali, ambako familia hupumzika jioni bila kuulizwa kitambulisho. Wakati huohuo, wizara zimejengwa Mtumba, katikati ya mji wa zamani na Chamwino, treni ya umeme iliyozinduliwa Agosti 2024 haitumii stesheni ile ya Wajerumani, na jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na zaidi ya watu 765,000 linajengwa likifuata barabara ya Morogoro kuelekea mashariki, kiasi kwamba kijiji kilichokuwa nje ya mji kinaelekea kuzungukwa nao.