Mume Wangu na Kaseti ya Poison

Jamani, mume wangu ni mhasibu: suti, tai, kimya. Desemba 2019 alinunua tiketi za Mötley Crüe, Def Leppard, Poison na Joan Jett. Korona ikaahirisha ziara mpaka 2022, na humo katikati hapa nyumbani Maryland kila mtu akabaki na simu yake.

Juni ile nilikwenda tamashani shingo upande. Wanaume waliopaka wanja miaka ya 80 wananihusu nini mie, mtoto wa taarabu?

Poison walipopiga ule wimbo wao wa taratibu wa 1988, nikamwona anafuta machozi.

“Marehemu kaka alikuwa baharia. Alituletea kaseti yake Tanga.”

Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kulisikia hilo. Def Leppard? Sikuwasikiliza vizuri, nilikuwa namuuliza habari za shemeji yangu.