Nani Mkali? Kwanza Niambie Umegawa kwa Nini

Kila chuo kina ubishi usiokwisha. Hapa kwetu ni ule wa nani mkali kuliko nani: Messi au Ronaldo, Simba ya mwaka gani, Yanga ya mwaka gani. Nimeusikiliza miaka mitatu sasa, na nilichogundua ni kwamba anayeshinda si mwenye hoja, ni mwenye sauti. Mwenye magoli anahesabu magoli, mwenye makombe anahesabu makombe, basi.

Mwaka jana, kwenye kozi ya upimaji na tathmini, kundi letu la watu watano lilipewa kazi ya kulinganisha watu kwa takwimu. Soka tuliikimbia makusudi. Watatu ni Yanga, wawili ni Simba, tungeuana. Tukachagua mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu mwenye timu: futiboli ya Australia. Kazi tuliwasilisha na alama tukapata, ila mimi sijatoka huko hadi leo.

Mchezo wenyewe kwa kifupi ni hivi. Uwanja una umbo la yai, mpira nao hivyo hivyo, na kila timu ina watu 18 uwanjani. Golikipa hakuna. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili ya katikati, hilo ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni yake, unapata pointi moja ya kukufariji. Ukiudaka mpira uliopigwa kutoka mbali kabla haujagusa chini, unaachiwa nafasi upige bila kubughudhiwa. Kwa hiyo mshambuliaji hatari ni yule anayeruka juu ya migongo ya watu, akadaka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga. Ligi kubwa ilianza 1897 kama ligi ya Victoria, na tangu 1990 inaitwa AFL. Katika miaka yote hiyo, watu sita tu wamefikisha magoli elfu moja.

Orodha yao hii hapa: Tony Lockett 1,360, Gordon Coventry 1,299, Jason Dunstall 1,254, Lance Franklin 1,066, Doug Wade 1,057, na Gary Ablett, yule baba, kwa sababu mtoto mwenye jina hilo hilo naye alikuja kuwa nyota, 1,031. Ukiishia hapo, ubishi umekwisha. Lockett wa kwanza, Ablett wa sita, twende tukale.

Sasa hebu gawa kwa mechi. Lockett alicheza 281, kwa hiyo wastani wake ni 4.84. Dunstall, mechi 269, anapata 4.66 na kumruka Coventry mwenye mechi 306 na wastani wa 4.25. Ablett, mechi 248, anatoka mkiani hadi nafasi ya nne kwa 4.16. Wade ana 3.96. Franklin, mechi 354, anaanguka hadi mwisho kwa 3.01. Halafu wanaingia watu wawili ambao kwenye orodha ya elfu hawamo kabisa: Peter Hudson, magoli 727 kwa mechi 129, wastani 5.64; na John Coleman, magoli 537 kwa mechi 98, wastani 5.48. Ghafla mfalme Lockett ni wa tatu.

Lakini mtazame vizuri huyo Coleman. Mechi yake ya kwanza, mwaka 1949, alifunga magoli 12. Mwaka 1954, akiwa na miaka 25, goti likaharibika na hakucheza tena. Wastani wake ni wa kijana, hauna uzee ndani yake. Wa Lockett una kila kitu, hadi zile mechi tatu za 2002 aliporudi uwanjani baada ya kustaafu. Namba mbili zimeandikwa kwa mtindo mmoja, ila moja ni maisha nusu na nyingine ni maisha kamili. Na bado Waaustralia hawakumtupa Coleman. Kila mwaka mfungaji bora wa msimu, kabla ya mechi za mtoano, hupewa Medali ya Coleman. Jina la mtu ambaye hakufikisha mechi mia.

Njoo kwa Franklin, aliyeshika mkia. Coventry ndiye wa kwanza kufikisha magoli mia katika msimu mmoja: alifunga 124 mwaka 1929. Franklin ndiye wa mwisho: alifunga 113 mwaka 2008, na tangu hapo hakuna tena. Si kwamba washambuliaji wamekuwa wazembe. Makocha wamebadilika. Zamani mshambuliaji wa mwisho alikuwa na beki wake mmoja, wanamalizana wenyewe. Siku hizi timu nzima inarudi kukaba, na unayeruka kudaka unakuta wenzako wanne wameshafika hapo. Kwa hiyo badala ya kumlinganisha Franklin na marehemu, mlinganishe na waliocheza naye. Aliongoza kwa magoli na kuchukua Medali ya Coleman mara nne: 2008, 2011, 2014 na 2017. Lockett je? Mara nne: 1987, 1991, 1996 na 1998. Yaani 3.01 na 4.84, ukizirudisha kila moja kwenye zama zake, zinakaa meza moja. Kwa wenzangu wa elimu, hii ndiyo ile alama sanifu tuliyokaririshwa, leo imevaa jezi.

Kilichoninyima usingizi hasa ni Lockett na Dunstall, kwa sababu hawa walicheza zama moja. Dunstall ana ubingwa mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1991. Lockett hana hata mmoja. Katika ubishi wetu wa hapa chuoni hoja hii humaliza kila kitu: kabatini kuna nini?

Lakini angalia walipoanzia. Lockett aliingia St Kilda mwaka 1983. Mwaka huo timu ikashika mkia. 1984 ikashika mkia. 1985 na 1986, mkia tena. Misimu minne ya kwanza ya kijana yule, minne yote timu yake ilikuwa ya mwisho. Dunstall aliingia Hawthorn mwaka 1985, timu iliyocheza fainali kila mwaka kuanzia 1983 hadi 1989. Mwaka 1987 Lockett alifunga magoli 117 na waamuzi, ambao ndio hupiga kura, wakampa Medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi, pamoja na John Platten wa Hawthorn. St Kilda hata hatua ya mtoano haikufika. Baadaye alihamia Sydney, akafika fainali ya 1996, akafunga magoli sita. Wakapoteza.

Dunstall hakupewa bure. Magoli 1,254 hayaokotwi, na kwenye timu nzuri kuna wengine wengi wanaotaka kufunga. Ila kabati lake la makombe linatueleza habari za Dunstall na habari za Hawthorn kwa pamoja, nasi tunalisoma kama vile lote ni lake.

Mimi nimesoma shule ya kata. Kidato cha tatu na cha nne tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa fizikia, tukifundishana kwa madaftari ya kuazima. Nilipata C. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja alisoma shule ya vipaji maalumu yenye maabara, akapata A. Sisemi C yangu ni kubwa kuliko A yake, nitakuwa naongopa. Alikesha, ni haki yake. Nasema tu kwamba herufi hizo mbili zimejibu maswali tofauti.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilijaza ripoti za wanafunzi 74. Mmoja alishika nafasi ya 61. Muhula uliotangulia alikuwa wa 74. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba amepanda ngazi 13, kwa hiyo niliandika kwenye maoni, kwa herufi kubwa, ili baba yake asiishie kwenye namba. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa, na wapo wenzetu hapa wanaolalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi naona kilichoondoka ni orodha isiyosema timu ya nani ilikuwa inashika mkia.

Sasa usiseme nimekwepa swali. Kama unataka mtu wa kukufungia Jumamosi moja tu, nenda na Hudson au Coleman. Kama unataka kujua nani alifanya makubwa zaidi kwa alichopewa, mimi nasimama na Lockett, na Franklin yuko nyuma yake kwa kidole kimoja. Dunstall ni wa tatu wangu, na makombe yake namheshimia. Wewe una mtu wako? Mlete. Lete na namba zake, halafu uniambie umezigawa kwa nini.